Shaba ndiyo inayokula mapipa ya pantoni, acheni kuisingizia bahari

Jamani wenye boti za pantoni, zile zinazoelea juu ya mapipa ya alumini, kuanzia Tudor hadi Mtwapa, tuambiane ukweli. Pipa la alumini ya baharini halina sababu ya kutoboka ndani ya kusi mbili. Likitoboka, kila mtu anakimbilia "chumvi ya Mombasa". Chumvi gani? Alumini ikiachwa peke yake hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Kinachoimaliza ni madini mengine, na hayo tunaipelekea wenyewe.

Kwanza rangi. Fundi anachota mkebe uleule wa rangi nyekundu ya chini anayopaka boti za mbao na za faiba, umejaa shaba, anaumwaga juu ya alumini. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi tayari ni betri, na anayeliwa ni alumini. Huanza vilengelenge vidogo chini ya rangi. Kikwangue kimoja kwa ukucha: unatoka unga mweupe, na chini yake kuna kishimo utadhani kimechomwa sindano. Mwenye boti anaambiwa "ni uchafu tu", anapakwa koti jingine la rangi ileile na kulipishwa! Someni mkebe. Ukiona "cuprous oxide", yaani oksidi ya shaba, hiyo si ya alumini, irudishe dukani. Na hata rangi sahihi haipakwi kwenye alumini tupu: piga msasa, futa mafuta, upake praima ya epoksi saa zilezile. Ukingoja kesho, utando umesharudi na praima itabanduka.

Chaza nao wakwanguliwe boti ikitoka majini tu, wakiwa bado mbichi, kwa kipande cha mbao au plastiki. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe zinazoota kutu ndani ya alumini. Asidi ya kusafishia vigae vya choo, ambayo wengine wanaiona ndiyo ujanja, inakula pipa lenyewe.

Halafu sakafu. Zile mbao za dawa zenye rangi ya kijani, dawa yake mara nyingi ina shaba. Kila mvua ikinyesha, maji yake yanatiririkia kwenye fremu na mapipa. Weka plaiwudi ya baharini, na katikati ya mbao na fremu pitisha ukanda wa plastiki. Bolti ziwe stenlesi 316 zenye washa za nailoni na mafuta ya kutenganisha madini, si kavukavu.

Anodi, vile vipande vya madini vinavyofungwa kwenye boti: mnazipaka rangi! Anodi kazi yake ni kuliwa badala ya pipa. Ukiipaka rangi umeifunga mdomo. Igusane na alumini tupu, ibadilishwe ikibaki nusu. Ile ya magnesi ni ya maji baridi yasiyo na chumvi, baharini huisha upesi mno. Huko ndani ya vijito, ambako masika hupunguza chumvi, zinki huota ganda na kulala, kwa hiyo anodi ya alumini inafaa zaidi.

Umeme sitausemea sana: waya hasi urudi kwenye betri kwa waya wake, usirudishwe kupitia mwili wa boti. Kosa hilo likiwepo, anodi zote za dunia hazitakuokoa.

Sasa hili ndilo linaloniwasha. Kupima tundu kwa kompresa ya panchari! Pipa la kipenyo cha sm 60, kwa psi 3 tu (kipimo cha shinikizo la hewa), kifuniko chake cha mwisho kinasukumwa na nguvu kama ya kilo 600. Mtu anafungulia psi 30: hiyo ni tani 6. Kifuniko kinabinuka, mshono unapasuka, halafu unaambiwa "lilikuwa bovu tangu zamani". Psi 2 hadi 3 zinatosha. Tumia pampu ya mkono na geji ndogo, paka maji ya sabuni kwenye mishono yote, tazama povu.

JIBU: Shekhe, umesema kweli, lakini pipa likishatoboka si linachomelewa tu? Na wengine wanajaza povu la kupuliza ndani, hilo je?

MWENYE UZI: Kaka, kuchomelea kuna masharti. Fungua vizibo, kausha, suuza chumvi ya ndani kwa maji baridi, kausha tena. Kwangua rangi na ule unga mpaka uone alumini inang'aa. Mashine iwe ya gesi ya agoni, waya wa kuchomelea alumini namba 5356. Kizibo kibaki wazi wakati wa kuchomelea, maana hewa ikipata moto hupanuka na kupuliza alumini iliyoyeyuka, ukatoka na tundu kubwa kuliko lile la mwanzo. Vishimo vikiwa vingi mahali pamoja, usivijaze kimoja kimoja, kata kipande chote uweke kiraka. Epoksi ni ya kukufikisha gatini, basi. Povu usiweke. Maji yakishaingia humo hayatoki kwa kizibo, yanakaa yamegandamana na alumini mwaka mzima, na siku fundi akija kuchomelea litawaka na kutoa moshi wa sumu.