Picha zinapandana kwenye Pentax K1000: kusafisha kwa nje, kufungua chini, au kuchinja nyingine?

Mkanda35:
Wakuu, salaam. Kamera yangu hii ya filamu, K1000, inatoa picha nne tano safi, kisha inayofuata inalalia nusu ya iliyotangulia. Mkono wa kuvutia filamu unafika mwisho bila shida na shata (mlango unaopitisha mwanga kwenye filamu) inapiga spidi zote. Naona njia tatu: kudondoshea petroli ya kiberiti (ile ya kujazia viberiti, si ya gari) kwenye kitufe cha kurudishia filamu bila kufungua kitu, kufungua bati la chini, au kutafuta K1000 mbovu ya kuchinja, yaani kuifungua nichukue vipuri. Nianze na ipi?

BisibisiNdogo:
Pima kwanza, mkuu. Toa filamu, fungua mgongo, tia doa la rangi nyeupe kwenye jino moja la gia inayoshika matundu ya filamu. Gia ina meno 8, na picha moja ya 35mm inakula matundu 8, yaani mm 38: mm 36 za picha na mm 2 za nafasi. Kwa hiyo kila ukivuta, doa lirudi palepale. Izuie gia kidogo kwa kidole gumba ili ipate uzito kama wa filamu, maana ikiwa tupu inaweza kukudanganya. Rudia mara 20. Doa likibaki nyuma, gia inaachia.

Sababu ya kawaida ni kile kitufe cha chini. Ukikibonyeza, gia inakuwa huru ili filamu irudi. Ukivuta tena, kinatakiwa kiruke juu chenyewe. Grisi ikiganda kinaishia katikati, gia inashikwa nusunusu.

ChumbaChaGiza:
Basi njia ya nje inatosha. Tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno, bonyeza na vuta mara kumi, futa, rudia.

BisibisiNdogo:
Inatosha kwa wiki chache. Petroli inalainisha grisi lakini haiitoi, ikikauka uchafu uko ndani bado. Na ukimwaga nyingi huku kamera imepinduliwa, inateremka na grisi hiyo hadi kwenye mapazia ya shata, ambayo ni kitambaa. Hapo umenunua tatizo la pili.

Kufungua bati la chini si kazi kubwa. Tumia bisibisi ya nyota ya JIS (kipimo cha Kijapani), kwani ya kawaida inateleza na kula vichwa vya skrubu za Kijapani. Ishike kamera wima na ufanyie kazi kwa chini, petroli idondoke nje. Safisha nguzo ya kitufe kwa pamba ndogo yenye petroli hadi pamba itoke nyeupe, acha nusu saa ikauke, kisha mafuta mepesi ya saa kwa ncha ya sindano. Kiasi kisichotengeneza hata tone.

Vigurudumu vyenye meno ya msumeno vinavyozuiwa na kikucha, USIVIGUSE. Ndivyo vinavyokaza springi za mapazia. Kikucha kikiachia, spidi zote zinaharibika na utahitaji kifaa cha kupimia.

Mkanda35:
Mafuta ya cherehani je?

ChumbaChaGiza:
Hapana, yanatambaa. Yatafika kwenye mapazia. WD-40 ndiyo usiisogeze kabisa.

ChumaChakavu:
Kuchinja nyingine ni pale tu jino limekatika au springi ya kitufe imepotea. Hapo angalia umri: K1000 zilitengenezwa 1976 hadi 1997, na za mwisho, zilizounganishwa China, zina plastiki nyingi zaidi. Tafuta ya kipindi kilekile na yako. Tena uliza kwanza kama mkono wa mbovu hiyo unavuta, kwa sababu wengi wanauza zilizokwama palepale unapohitaji kipuri.

BisibisiNdogo:
Ukimaliza, usiweke filamu nzuri. Chukua iliyoungua, yaani iliyokwisha kuingia mwanga, ivute mgongo ukiwa wazi huku umeibana kwenye gia kwa kidole, na chora mstari wa kalamu ukingoni mwa dirisha la picha kila ukivuta. Itoe upime kwa rula: mm 38 kati ya mstari na mstari. Ukiona 30 popote, rudi chini ukasafishe tena.