Hambaka yenye nguvu kwa briji: Super Distortion, Duncan Distortion au EMG 81?

RifuNzito
Wakuu, habari zenu. Nimeweka akiba kwa miezi kadhaa na wiki ijayo naagiza pikapu mpya ya gitaa (kinasa sauti cha nyuzi), hambaka yaani ya koili mbili, ya kukaa upande wa briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Nimechuja hadi zikabaki tatu: DiMarzio Super Distortion, Seymour Duncan Distortion (SH-6) na EMG 81. Napiga metali. Nataka rifu (mafungu ya noti yanayorudiwa) za chini zisikike kila noti, siyo zigeuke uji. Ipi ina nguvu kuliko zote? Naomba majibu kabla sijalipa, maana sina uwezo wa kununua mara mbili.

KoiliMbili
Gitaa gani? Umelituni wapi? Shingoni kuna pikapu gani? Briji ni ya kukaza au ina tremolo (mkono wa kuyumbisha nyuzi)? Unapigia amplifaya gani? Umetaja pikapu tatu lakini hujasema zinakwenda kuishi wapi.

Nzito_Daima
EMG 81 mkuu, usihangaike. James Hetfield na Kirk Hammett wa Metallica wamepiga nayo miaka na miaka, mpiga gitaa Zakk Wylde naye aliiweka kwenye briji na EMG 85 shingoni. Haina kelele za umeme, ukikata rifu inakatika palepale. Nimeitumia miaka tisa na sijaona sababu ya kutoka.

DadaSolda
Ndugu yangu Nzito_Daima, mtu hajatuambia hata shingoni ana nini. EMG 81 siyo ya kuchomoa hii ukachomeka ile. Ina kikuza sauti ndani yake, kwa hiyo inataka betri ya volti 9 na nafasi ya kuiweka, poti (vidhibiti vya volyumu na toni) za kiloomu 25 badala ya zile 500 za hambaka za kawaida, na soketi ya stirio ili betri ijizime ukichomoa kebo. Ukiacha shingoni pikapu ya kawaida, poti zinagombana: 25 zinaizima pikapu ya kawaida ikawa kama imefunikwa blanketi, na 500 zinaifanya EMG iwe kama swichi, ama ipo ama haipo. Nimeshafungua magitaa mengi ya watu walioanza hivyo.

RifuNzito
Asanteni. Gitaa lina skeli (urefu wa uzi unaotikisika) ya inchi 25.5, mwili wa mti wa basswood, tremolo ya Floyd Rose. Natuni drop C, yaani nyuzi zote nimezishusha na ule mnene umefika C. Shingoni kuna hambaka ya kawaida iliyokuja nalo kutoka kiwandani, sina mpango wa kuigusa.

Nimesoma vipimo: SH-6 ni kiloomu 16.6, Super Distortion ni kama 13.7. Je, si ina maana Duncan ndiyo yenye nguvu zaidi?

KoiliMbili
Hapo ndipo wengi tunapopotea, nami nilipotea hapohapo. Kiloomu zinakuambia jinsi waya wa koili unavyopinga umeme, basi. Waya mwembamba unapinga zaidi kuliko mnene hata kama mizunguko ni ileile. Kwa hiyo fundi akitumia waya mwembamba anapata namba kubwa bila kukuongezea sauti kwa kiasi hichohicho.

Mfano mzuri umo ndani ya kampuni moja. Pikapu yao nyingine, Duncan JB, ni kiloomu 16.4, SH-6 ni 16.6. Kwa mita ni mapacha. Zichomeke sasa: JB ina sumaku ya alniko 5, sauti ya kati inaimba, besi yake ni laini kidogo. SH-6 ina sumaku ya seramiki, besi imekaza, makali ya juu yanauma. Watu wawili tofauti kabisa.

DiMarzio wao huandika milivolti: Super Distortion 425, na pikapu yao nyingine X2N 510. Angalau hicho ni kipimo cha kinachotoka. Lakini hata hicho ukitumie kulinganisha pikapu za kampuni hiyohiyo tu, kwa sababu kila kampuni inapiga uzi kwa namna yake inapopima.

Halafu jambo la pili. Kadiri unavyoongeza mizunguko ya waya, ndivyo kilele cha sauti kinavyoshuka kuelekea katikati. Unapata nguvu, unapoteza mng'ao. Mtu wa drop C anayeogopa uji hapaswi kukimbilia nguvu tu.

Na kwa Floyd Rose, ukiagiza Duncan iwe TB-6 (SH-6 ileile yenye skrubu zilizoachana zaidi), na DiMarzio iwe ya F (nayo ni hivyohivyo), ili skrubu zikae chini ya nyuzi. EMG ina vyuma virefu ndani, haijali umbali wa nyuzi. Bado hujataja amplifaya.

MzeeWaLampu
Wanangu, tukumbuke pikapu hizi zilizaliwa kwa nini. Hambaka ya Seth Lover pale Gibson, ile ya mwaka 1955, ilikusudiwa kufuta mvumo wa umeme, haikukusudiwa kuunguruma. Zile za mwanzo zilikuwa kiloomu 7 hadi 9 hivi. Super Distortion ilipotoka mwaka 1972, amplifaya nyingi za lampu (vali za kioo) hazikuwa na geini, yaani ukuzaji unaoifanya sauti iungurume, ya kumwaga kama za leo. Ulihitaji pikapu iisukume lampu ya kwanza kwa nguvu mpaka isalimu amri. Ndiyo kazi yake. Ace Frehley wa bendi ya KISS alizifunga kwenye magitaa yake ya Gibson Les Paul na dunia ikasikia.

Mimi Super Distortion ndiyo nitakayokwenda nayo kaburini. Ina nguvu, lakini uzi mwembamba wa kwanza unabaki mnene, solo haikwaruzi sikio. SH-6 kwa masikio yangu ni kali mno juu, baada ya saa moja nimechoka.

Nzito_Daima
Shikamoo mzee. Nakubali historia, ila hoja ya geini siyo hoja ya kukaza. Geini hata pedali inatoa. Ninachozungumzia ni mwanzo wa noti. EMG 81 ina seramiki lakini mizunguko ya koili ni michache, kukuza kunafanywa na saketi, ndiyo maana haitoi uji. Na kebo ikiwa ndefu haipotezi makali, wakati pikapu za kawaida kila mita inazila.

MzeeWaLampu
Marahaba. Hilo la kebo ni kweli tupu. Lakini jaribu kupunguza volyumu kwenye gitaa uone: Super Distortion inarudi kuwa binadamu, 81 yako inabaki ileile ila kwa sauti ndogo.

KamaRadi
Naomba nisimulie yaliyonikuta, labda yatamsaidia ndugu RifuNzito kuliko ubishi wa ipi kali.

Nilikuwa na Duncan kwenye briji, nikapata Super Distortion ya mkononi, safi kabisa. Siku hiyo nilikuwa na onyesho jioni. Nikasema kazi ya dakika ishirini: natoa ya zamani, naweka mpya, nyaya ni nne na mmoja mtupu usio na ganda, na rangi ni zilezile. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani. Nikafuata mchoro niliokuwa nao tangu mwanzo: nyeusi kwenye poti, nyekundu na nyeupe nikazifunga pamoja, kijani na ule mtupu nikavipeleka ardhini. Nikapima kwa mita, nikapata kama 13.7, sawasawa na ilivyoandikwa. Nikafunga mfuniko kwa moyo mweupe.

Jukwaani nikapiga rifu ya kwanza. Sauti nyembamba, ya puani, kama redio ndani ya ndoo. Nikaongeza geini, ukaja mvumo wa umeme mkubwa kuliko gitaa lenyewe, wakati hambaka kazi yake ni kuufuta. Mpiga ngoma alinitazama kama nimelewa. Nilimaliza onyesho zima na pikapu ya shingoni, nyimbo zote tisa, zikiwamo zile ambazo rifu ndiyo wimbo.

Nilirudi nyumbani nikaiuza pikapu ile wiki hiyohiyo kwa hasara, nikiamini imekufa. Miezi mingi baadaye ndipo fundi mmoja aliponionyesha kwamba rangi za DiMarzio hazina maana sawa na za Duncan. Kwa DiMarzio nyekundu ndiyo inayokwenda kwenye poti, nyeusi na nyeupe ndizo zinazofungwa pamoja, kijani na mtupu ardhini. Mimi niligeuza koili moja. Pikapu ilikuwa nzima. Mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma, maana sijapata nyingine kwa hali ile.

DadaSolda
Pole sana kaka. Na ndiyo maana mita haikukusaidia: koili mbili kwa mfululizo zitasoma namba ileile hata moja ikiwa imepinduliwa. Nguvu za nyuzi zinafutana, mvumo unajumlishwa, yaani kinyume cha kazi ya hambaka. Nilivyozoea kukagua kabla ya kufunga: chomeka kwenye amplifaya, gusa skrubu za koili ya kwanza kwa bisibisi, kisha za pili, usikie kama zote zinagonga. Halafu piga uzi. Ukisikia sauti ya puani, simama hapohapo.

RifuNzito, lizingatie hili. Kama iliyopo sasa na inayokuja ni za kampuni tofauti, tafuta mchoro wa inayokuja. Rangi zisikudanganye.

ShinaNaTawi
Mbona hakuna anayegusia mti? Basswood ina sauti ya kati nyingi na haina kina. Ukiongeza Super Distortion yenye kati nyingi, ndiyo uji wenyewe. SH-6 au EMG zinaifaa basswood.

KoiliMbili
Pikapu ni sumaku na waya. Inasikia chuma kinachotikisika juu yake, haisikii mti.

ShinaNaTawi
Na chuma hicho kimefungwa kwenye nini? Nimehamisha pikapu moja katika magitaa matatu na sauti ilibadilika kila mara.

KoiliMbili
Ulihamisha na briji pia? Na poti? Na nyuzi zilezile kwa kimo kilekile? Milimita moja ya kimo cha pikapu inabadilisha sauti kuliko aina ya mti. Sisemi husikii tofauti ndugu yangu, nasema kuna mambo mengi yanabadilika pamoja.

ShinaNaTawi
Poti hazikuwa zilezile, nakiri. Lakini sijashawishika.

RifuNzito
Samahani nilipotea, nilikuwa kazini. Amplifaya ni ya transista, wati 15, spika ya inchi 8. Geini naiweka mwisho kabisa, besi mwisho, sauti za kati sifuri.

MzeeWaLampu
Mwanangu, ungeanza na hili.

KoiliMbili
Uji wako nadhani tumeuona. Geini mwisho na besi mwisho kwenye spika ya inchi 8, halafu drop C. Spika ndogo ikilazimishwa kutoa besi nyingi inachanganyikiwa, hata ungeweka pikapu ya namna gani. Na sauti za kati ndizo zinazobeba noti, wewe umezifuta zote. Ukiongeza pikapu kali zaidi hapo, unaongeza mafuriko kwenye mto uliokwisha kufurika.

Kabla hujalipa fanya hivi leo. Geini iteremshe hadi nusu. Besi hadi thuluthi. Kati zipandishe kupita nusu. Kisha bonyeza freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi mnene na skrubu ya pikapu ya briji. Ikiwa chini ya milimita 2, ishushe upande wa besi. Sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi, noti inayumba na kufa mapema.

Nzito_Daima
Hiyo ni tiba ya muda. Yeye anataka pikapu, na pikapu iliyokuja na gitaa inaweza kuwa mbovu kweli.

DadaSolda
Inaweza. Ila ni bora ajue kabla hajalipa. Amesema mwenyewe hana mara ya pili.

RifuNzito
Nimerudi. Nafasi ilikuwa chini ya milimita 1! Nimeishusha, nimepunguza geini kama alivyosema KoiliMbili. Wakuu, noti zinatengana. Siyo kila kitu, uzi mnene bado unalegea nikikaba kwa kiganja, unapiga kelele kwenye freti na kupanda tuni mwanzoni halafu unashuka. Lakini akordi zinasikika sasa. Bado naitaka SH-6, yaani TB-6, ila siku hizi mbili nimeanza kufikiria amplifaya.

KamaRadi
Uzi unaopanda tuni mwanzoni halafu unashuka? Umefunga nyuzi za unene gani?

RifuNzito
9 hadi 42 (elfu za inchi).

KamaRadi
Kwa drop C? Uzi wa 42 ukiushusha hadi C kwenye skeli yako hauna mkazo wowote. Hakuna sumaku itakayoukaza. Mimi natumia 11 hadi 54 kwa tuni hiyo, kuna wanaoridhika na 10 hadi 52.

Nzito_Daima
Hapo naungana na wewe. Hata 81 yangu ningeichukia na nyuzi hizo.

MzeeWaLampu
10 hadi 52. Zile za 11 vidole vya kijana wa solo vitalia.

RifuNzito
Nitanunua leo hiihii. Lakini Floyd Rose yangu si itainuka nikiweka nyuzi nene?

DadaSolda
Itainuka, ndiyo, usishtuke. Fungua mfuniko wa nyuma uhesabu springi ni ngapi. Ikiwa na tatu, ongeza ya nne kabla ya kuanza kutuni, na skrubu mbili zinazoshika kucha (chuma zinapofungwa springi) uzikaze robo mzunguko kwa zamu. Kufuli za juu kwenye nati (mwisho wa shingo kabla ya kichwa cha gitaa) ziache wazi mpaka briji ilale sambamba na mwili. Baada ya hapo rudi kwenye freti ya 12 urekebishe intonesheni (usahihi wa tuni kwenye freti), uzi mmoja mmoja, maana nyuzi mpya hazitakubali mahali pa zile za zamani.

RifuNzito
Zipo tatu. Na moja nadhani imepinda. Napata wapi kipimo cha springi, au zote ni sawa?