Naomba ushauri: sauti za mabinti wa kazi za ndani, nizitengeneze vipi?

SautiMbagala:
Habari za jioni wakuu. Kwa miezi minne nimekuwa nikiwarekodi mabinti watatu wa kazi za ndani hapa Dar, kwa ridhaa yao. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri: ufagio wa chelewa uani, maji ndooni, masufuria, geti. Na kuitwa. Jumamosi moja nilihesabu: binti mmoja aliitwa mara 43 kabla ya adhuhuri, hata mara moja si kwa jina lake. Dada! Wewe! We dada!

Nataka kazi ya sauti ya dakika 20, bila muziki wala msimulizi. Rafiki yangu kasikiliza, akasema ni kelele za jikoni tu. Nichanganye na mahojiano ili watu waelewe, au niziache hivyo hivyo?

Sikio la Pwani:
Msimulizi hapana. Msome Lawrence Abu Hamdan, msanii wa sauti. Mwaka 2016 alishirikiana na Amnesty International na kikundi cha utafiti cha Forensic Architecture kuchunguza gereza la Saydnaya, Syria. Wafungwa walizibwa macho na kukatazwa kuongea, gereza wakalijua kwa masikio. Aliwaomba walionusurika wanong'one kama walivyonong'ona mle ndani, akapima: baada ya maandamano ya 2011 kuanza Syria, minong'ono ilishuka kwa desibeli 19 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Nambari moja, na hofu yote imo humo. Wewe unayo 43. Ifanye hiyo ndiyo uti wa mgongo, masufuria yapunguze.

MamaWawili:
Nami nina binti nyumbani, nimesoma uzi huu mara mbili. Mama mwenye nyumba anajua? Sauti yake imo. Akijitambua, atakayefukuzwa ni binti, si wewe. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mbona miito hiyo wasiirudie mabinti wenyewe?

fundi_waya:
Jikoni, badala ya maikrofoni ya kawaida, tumia kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo ndani ya kengele za kielektroniki, Kariakoo vipo. Kiunge waya, kibandike chini ya sufuria. Kinanasa mtetemo wa chuma, maongezi ya watu kwa shida sana.

SautiMbagala:
MamaWawili, hilo sikuliwaza, asante sana. Nimewapigia. Wawili wamekubali kuita. Yule wa mara 43 kakataa. Anataka kuitika tu, "abee", zote 43. Jumapili mchana ana nafasi, naenda.