Naomba ushauri: binti yangu anataka kujiunga na Daughters of the American Revolution

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Songea, nimeolewa huku Marekani. Binti yetu ametimiza miaka 18 na bibi yake mzaa baba anamhimiza ajiunge na chama hiki cha wanawake, kilichoanzishwa 1890. Sharti uwe mzao wa damu wa aliyepigania au kusaidia uhuru wa Marekani, tena uthibitishe kizazi kwa kizazi kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo. Mama mkwe anayo bahasha nzima, imenona! Wanahifadhi kumbukumbu, wanatoa ufadhili wa masomo, wanasaidia maveterani. Hapo sina neno.

Kinachonikwaza ni 1939, walipomkatalia mwimbaji Marian Anderson kuimba kwenye ukumbi wao kwa kuwa ni Mweusi. Akaenda kuimbia nje, kwenye mnara wa Lincoln Memorial jijini Washington, mbele ya umati wa watu 75,000. Mume wangu anasema yamepita, na wanachama Weusi wapo siku hizi. Roho yangu bado inasita.

Halafu kuna upande wangu. Wazee wetu wa Kingoni walinyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Majimaji, na ukoo wetu umehifadhiwa mdomoni tu. Mtoto anataja vizazi saba vya baba yake, vya kwangu viwili.

Aliye ndani ya chama hiki, mwanangu atapokelewaje? Na aliyeandika ukoo wa Kingoni alianzia wapi: kwa wazee, vitabu vya ubatizo parokiani, au Makumbusho ya Majimaji? Mama mkwe anataka jibu Jumapili.