Fizi zinatoka damu kila nikipiga mswaki: je, niache kusugua mpaka zipone?

Msomaji_wa_Usiku

Habari zenu, ndugu. Naomba ushauri kuhusu jambo linalonisumbua kwa wiki ya nne sasa. Nikipiga mswaki, mate ninayotema huwa yamechanganyika na damu, na chanzo chake kinaonekana kuwa fizi za meno ya mbele ya chini, hasa upande unaotazama ulimi. Sisikii maumivu yoyote. Nikijitazama kwenye kioo naona ukingo wa ufizi umevimba kidogo na unang'aa, lakini sina hakika niulinganishe na nini, kwa sababu kila maelezo niliyosoma yanasema kwamba ufizi wenye afya huwa wa rangi ya waridi, ilhali wangu umekuwa wa kahawia iliyokoza tangu utotoni.

Kwa kuogopa kupatonesha mahali hapo, niliacha kupasugua kwa siku kumi, nikawa nasukutua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Siku za mwanzo nilidhani napata nafuu, kwa kuwa sikuiona damu tena, lakini sasa inatoka hata ninapouma tunda. Rafiki yangu ananihimiza ninunue antibayotiki ili nilimalize tatizo mara moja. Je, dawa hizo zinahitajika kweli, na je, nilikosea kuuweka mswaki kando?

Tabibu_Meno

Ndugu Msomaji, ulikosea, ingawa karibu kila mtu hukosea hivyo hivyo, maana tumezoea kwamba kidonda hakiguswi mpaka kipone. Ufizi wako haukujeruhiwa na mswaki. Kinachousumbua ni ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya jino kila siku na kujibanza zaidi pale jino linapokutana na ufizi. Bakteria hao hutoa taka zinazouwasha ufizi, nao mwili hujibu kwa kupeleka damu nyingi mahali hapo. Mishipa midogo hutanuka, ngozi nyembamba inayouzungukia mfereji ulio kati ya jino na ufizi hudhoofika, na hatimaye mguso mdogo tu hutosha kuipasua. Ulipoacha kusugua, damu haikuonekana kwa sababu hapakuwa na kitu kinachougusa ufizi, lakini ukoga uliendelea kunenepa bila bughudha, na ndiyo maana sasa tunda peke yake linatosha kukutoa damu.

Jambo hili halitokani na dhana. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha meno yao. Wote walipata uvimbe wa fizi, wa kwanza baada ya siku 10 na wa mwisho baada ya siku 21, na waliporudia kusafisha meno fizi zao zilirejea katika hali nzuri kwa takriban wiki moja. Siku zako kumi za kujizuia zilikuwa jaribio lile lile, ila wewe ulianza ukiwa tayari na uvimbe.

Kuhusu rangi, usihangaike na hiyo waridi ya vitabuni. Fizi za kahawia au zenye mabaka meusi ni za kawaida kabisa kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi, na weusi huo hauna uhusiano wowote na uchafu. Linganisha ufizi wako na ufizi wako mwenyewe wa mahali pengine kinywani: ufizi mzima hushikamana na jino kwa ukingo mwembamba, tena mara nyingi huwa na vinukta vidogo kama ganda la chungwa, ilhali uliovimba huwa na ukingo mnene, laini na wenye kung'aa, kama ulivyoueleza wako.

Antibayotiki usinunue. Bakteria wanaoishi ndani ya utando hujikinga vizuri dhidi ya dawa hizo, na hata wachache wakifa, utando mpya hujengeka tena kwa kuwa hakuna aliyeuondoa. Dawa hizo zina nafasi yake pale maambukizi yanaposambaa yakiambatana na homa, au katika aina ile kali ambayo ncha za ufizi kati ya meno hufa na kufunikwa na utando wa kijivu, pakiwa na maumivu makali na harufu mbaya, na hata hapo anayeamua ni daktari aliyekutazama kinywani.

Fanya hivi. Chukua mswaki laini, uuegemeze kwa pembe ya digrii 45 kuelekea ufizi, ncha za nyuzi zake ziingie kidogo chini ya ukingo, kisha uutikise kwa mwendo mfupi mfupi bila kukandamiza. Kwa meno ya mbele upande wa ndani itakubidi uusimamishe mswaki wima, kwani ukiwa umelala hautafika. Tumia dakika mbili, mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, na mara moja kwa siku pitisha uzi wa meno au vibrashi vidogo katikati ya meno, kwa sababu uvimbe mwingi huanzia huko ambako mswaki haufiki. Damu itaendelea kutoka kwa siku chache za mwanzo, na pengine itazidi kidogo. Hilo lisikurudishe nyuma. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya uvuguvugu, yanatuliza na hayana ubaya, lakini hayawezi kubandua utando ulioshika jino.

Nimeacha_Sigara

Naunga mkono maelezo ya Tabibu, na naomba kuongeza jambo ambalo lingeniokoa kama ningelijua mapema. Kwa miaka mingi nilivuta sigara na fizi zangu hazikuwahi kutoka damu, nikawa najigamba kwamba nina kinywa cha chuma. Wiki chache baada ya kuacha, damu ikaanza kutoka kila asubuhi, nami nikaamini kwamba kuacha sigara ndiko kulikoniletea maradhi, nusura niirudie. Baadaye nilielezwa kwamba sigara huibana mishipa ya damu ya ufizi na hivyo kuificha dalili, huku ugonjwa ukiendelea kuchimba chini kimyakimya.

Kosa langu la pili lilikuwa kutumia dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini kwa miezi miwili mfululizo bila kumwuliza mtu. Meno yakawa na madoa ya kahawia, chakula kikapoteza ladha, na uvimbe haukuondoka. Nilipokwenda kupimwa, mifuko kati ya meno na ufizi ilikuwa na kina cha milimita 6 katika magego kadhaa, wakati kawaida haizidi milimita 3. Mfupa ulikwisha kuliwa, na huo haurudi kwa mswaki.

Mama_wa_Wawili_Karibuni

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina mimba ya miezi mitano, na fizi zangu zimevimba ingawa nasafisha meno kama zamani. Nimeambiwa na shangazi yangu kwamba mjamzito haguswi meno mpaka ajifungue. Naomba kujua kama ni kweli.

Tabibu_Meno

Hujaingilia, dada, swali lako ni sehemu ya jambo hili hili. Homoni za ujauzito huufanya ufizi uitikie kwa ukali hata ukoga kidogo, kwa hiyo usafi uliokutosha zamani huenda sasa usitoshe. Kwa heshima zote kwa shangazi, kusafishwa meno kunaruhusiwa wakati wa ujauzito, na miezi ya katikati, uliyomo wewe sasa, ndiyo yenye wepesi zaidi kwa mama kukaa kitini. Mjulishe tu daktari kwamba una mimba.

Hali nyingine pia huuchochea ufizi. Kisukari kisichodhibitiwa hufanya uvimbe uwe mkali, na uvimbe nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa, kila kimoja kikikilisha kingine. Kuna dawa zinazoukuza ufizi mpaka ukafunika sehemu ya jino, kama vile nifedipini ya shinikizo la damu na fenitoini ya kifafa; anayezitumia asiziache kwa hiari yake, bali amweleze aliyemwandikia. Vivyo hivyo kwa wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu.

Ndugu Nimeacha_Sigara amesema kweli kuhusu klorheksidini. Ni dawa nzuri kwa muda mfupi, kwa kawaida hadi wiki mbili, hasa pale ambapo maumivu yanamzuia mtu kupiga mswaki, lakini haitumiwi mara tu baada ya dawa ya meno, kwani sabuni iliyomo humo huipunguzia nguvu. Subiri nusu saa. Na nisisahau: kuna watu huweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi unaouma. Hicho huuchoma ufizi na kuacha kidonda cheupe juu ya tatizo la kwanza.

Msomaji_wa_Usiku

Narudi baada ya siku kumi na mbili kutoa taarifa. Nilifuata maelekezo yote, na siku tatu za mwanzo damu ilikuwa nyingi kiasi cha kunitia hofu, kisha ikapungua siku hadi siku. Sasa haitoki popote isipokuwa pale pale nyuma ya meno ya mbele ya chini. Nikipapasa kwa ulimi nahisi kitu kigumu chenye kukwaruza, kama ukoko uliogandia jino, na mswaki hauking'oi hata nikisugua vipi.

Tabibu_Meno

Huo ni ugaga. Mate yana madini, na ukoga ukiachwa siku kadhaa hunyonya madini hayo ukawa mgumu kama jiwe; na kwa kuwa mirija ya tezi za mate zilizo chini ya ulimi hufungukia karibu kabisa na meno hayo, ndipo ugaga unapopenda kuanzia. Uso wake ni wa kukwaruza, kwa hiyo ukoga mpya hushika juu yake upesi. Acha kusugua kwa nguvu, kwani utaumiza ufizi bila kuung'oa, wala usijaribu kuuchokonoa kwa pini. Nenda ukakwanguliwe na mtaalamu, naye akupime kina cha mifuko yote akiwa kazini. Baada ya hapo meno yanaweza kusisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa, na ulimi wako utahisi mapengo madogo ambayo hukuyajua. Ni nafasi iliyokuwa imejazwa na ugaga.

Kama kabla ya siku ya miadi utapata homa, uvimbe unaoelekea shavuni au chini ya taya, au taabu ya kumeza au kupumua, usiisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Msomaji_wa_Usiku

Nimeshukuru sana. Miadi yangu ni Alhamisi.