Je, tujiunge na kikundi cha wazazi wanaofundisha watoto nyumbani kwa mfumo wa kiklasiki?

Mzazi wa Mwanga, Kigoma

Habari za kazi, wazazi wenzangu na walimu. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili kwa muda bila kufikia uamuzi. Hapa mjini zipo familia chache, baadhi za wenyeji na baadhi za wageni wanaofanya kazi mkoani, zilizounda kikundi cha kufundishia watoto nyumbani kwa mfumo wa elimu ya kiklasiki. Watoto hukutana kila Ijumaa katika ukumbi wa kukodi, wazazi hufundisha kwa zamu, na siku nyingine za juma kila familia huendelea na masomo nyumbani kwake. Tumealikwa kujiunga kuanzia Januari.

Binti yetu ana miaka 9 na yuko darasa la tatu; mdogo wake anamaliza elimu ya awali. Nilipokwenda kutazama nilivutiwa sana, kwa sababu watoto wa rika la binti yangu walisimama mmoja baada ya mwingine wakaeleza walichokisoma bila kushika karatasi, na walipoulizwa walijibu kwa sentensi kamili huku wakimtazama muulizaji usoni. Darasani kwa binti yangu watoto ni wengi mno, kiasi kwamba mwalimu, pamoja na bidii yake yote, hawezi kumsikiliza kila mmoja.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia wanayoikariri ni ya Ulaya na Marekani. Isitoshe, mimi nashinda dukani na mume wangu anafanya kazi za zamu bandarini, na sijui mtoto aliyesomea nyumbani anaingiaje katika mitihani ya taifa. Mngekuwa ninyi, mngejiunga?

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Mama, nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa elimu hii inasifiwa na kulaumiwa na watu wengi wasioujua undani wake.

Msingi wake ni sanaa tatu za lugha, yaani sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema na kuandika kwa ushawishi), ambazo katika vyuo vya Ulaya ya enzi za kati zilitangulia hesabu, jiometri, muziki na falaki. Yalikuwa masomo, wala hayakuwa hatua za umri. Mgawanyo wa umri unaofuatwa na vikundi vingi vya leo unatokana na hotuba ambayo mwandishi Mwingereza, Dorothy Sayers, aliitoa Oxford mwaka 1947, alipoeleza kwamba mtoto mdogo hufurahia kukariri kama kasuku (hatua ya sarufi), akikua kidogo hupenda kubisha (hatua ya mantiki), na akifikia ujana hutafuta namna yake ya kujieleza (hatua ya balagha). Ni wazo zuri, lakini ni wazo tu. Nimefundisha watoto wa miaka 8 waliokuwa wepesi wa hoja na vijana waliohitaji bado kukariri.

Kwa hiyo usikipime kikundi kwa yale uliyoyasikia ukumbini, maana kukariri ndiyo sehemu iliyo rahisi kuonyeshwa kwa mgeni. Uwezo huo hata sisi tunao: watoto wa Ujiji wamehifadhi Kurani madrasani kwa vizazi. Omba kuona madaftari ya watoto wa miaka 12 na 13. Tazama kama zimo insha zilizosahihishwa, kama pembeni mwa aya mwalimu ameandika "Umejuaje?" au "Toa sababu", na kama ukurasa unaofuata una aya ile ile iliyoandikwa upya ikawa bora zaidi. Usipoyaona hayo, ujue kikundi kinaishia kwenye hatua ya kwanza, na binti yako atafika huko akiwa na tarehe tele kichwani asizoweza kuzifanyia kazi.

Suala la historia linarekebishika, mradi wenzako wawe tayari. Mtoto wa Kigoma akijua kwamba Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492, ajue pia kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871 na kwamba reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Kisha aulizwe swali: kwa nini Stanley, alipotoka Tabora, alizunguka upande wa kusini badala ya kushika njia ya kawaida ya misafara? Atagundua kwamba Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, na njia ilikuwa imefungwa, naye atalazimika kufikiri nani alinufaika na njia ile na kwa nini ilipiganiwa. Hapo mtoto ametoka kwenye sarufi na kuingia kwenye mantiki, tena kwa habari za nyumbani kwao. Wala Afrika haikuwa ngeni katika elimu hiyo ya kale: Mtakatifu Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alifundisha balagha Carthage kabla ya kuifundisha Roma na Milano.

Kilatini nilikisoma seminarini na bado nakishukuru, kwa kuwa kilinizoeza kutazama kila neno na kazi yake katika sentensi. Lakini nikikuta kikundi chenye kipindi cha Kilatini kisicho na kipindi cha Kiswahili, chenye mashairi ya kigeni bila utenzi hata mmoja, mimi singempeleka mtoto wangu. Balagha hujengwa kwanza katika lugha ambayo mtoto anaombea, anabishania na kuchekea.

Baba wa Ujiji

Dada, Mwalimu ameeleza vizuri upande wa elimu. Mimi naongeza upande wa sheria, ambao usipouangalia mapema utakusumbua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, na inamwajibisha mzazi kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize. Nayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Familia za wageni zinazofuata mitaala ya nchi zao, na ambazo watoto wao watarudi kuendelea huko, haziko katika hali kama yako, hivyo utaratibu wao usiufanye kipimo chako.

Ni kweli kwamba Baraza la Mitihani linapokea watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, na asiye na sifa za kuingia moja kwa moja hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa. Njia hiyo ni ya sekondari, haiondoi wajibu wako wa shule ya msingi. Tena binti yako akiingia darasa la nne, huo ni mwaka wa Upimaji wa Kitaifa. Usimtoe shuleni. Mwone Afisa Elimu wa Kata, na ikibidi ofisi ya elimu ya manispaa, upate jibu kwa maandishi kabla hujalipa chochote.

Mama wa Watatu, Tabora

Mimi nimo katika kikundi cha namna hii, ila chetu hukutana Jumamosi na watoto wote wanasoma shule za kawaida. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba siku ya kukutana ndiyo nyepesi kuliko zote. Kazi iko nyumbani katikati ya juma, pale mtoto anapotakiwa kusoma kurasa alizopewa, kukusimulia kwa maneno yake, kisha kuandika aya moja utakayoisahihisha wewe mzazi, huku sufuria iko jikoni na mdogo analia. Nyumba isiyotenga muda huo haifaidiki na kikundi, hata kiwe kizuri namna gani. Jaribuni kwanza ninyi wawili, saa moja kila jioni kwa juma moja au mawili, mwone kama duka na zamu za bandarini zinawaruhusu.

Uliza pia mzazi akishindwa kufika kwenye zamu yake nafasi yake hushikwa na nani, fedha zinatunzwa na nani, na kama kila chumba huwa na watu wazima wawili. Hilo la mwisho kwangu halina mjadala. Kisha uliza nani anafundisha hesabu, kwa sababu wazazi wengi hujitolea kufundisha hadithi na historia, na hesabu hubaki bila mwenyewe.

Mzazi wa Mwanga, Kigoma

Mwalimu, shikamoo. Nawashukuru nyote. Tumeyasoma haya pamoja na mume wangu na tumekubaliana kwamba watoto watabaki shuleni. Tutawaomba wenzetu waanzishe kipindi cha Jumamosi, na nitaomba kuyaona madaftari. Wakikataa, je, familia mbili tatu za mtaani zinaweza kuanza zenyewe?

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Marahaba, mama. Familia tatu zinatosha kabisa. Anzeni na machache: kusoma kwa sauti, kusimulia, kuandika aya na kuiandika upya, shairi moja la kuhifadhi kila mwezi, na swali moja la "kwa nini" ambalo watoto watabishania mbele ya wazazi wao kwa adabu. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo fedha yenu ielekezeni kwenye vitabu vya hadithi na kamusi nzuri ya Kiswahili. Pangeni kabla ya Januari nani atafundisha nini, na mzungumze na mwalimu wa darasa wa binti yako tangu mwanzo, kwa sababu yeye ndiye atakayeona mapema kama masomo ya ziada yanamjenga mtoto au yanamchosha.