Siku ya kupanda meli ya kitalii: mtu afike bandarini saa ngapi? Tupeane uzoefu (Arusha/Moshi)

Wakuu, wapo wazazi wa huku kwetu wanaokatiwa safari ya meli na watoto walioko ughaibuni, na swali ni lilelile: meli inaondoka jioni, tufike bandarini saa ngapi? Wanaojua mambo haya waweke hapa. Hadithi za "mimi nilipanda meli fulani" tuziache kwanza, tunataka saa, hatua na sababu.

Njiro, Arusha
Anzeni na kusoma saa vizuri. Karatasi ikiandika 11:00 ni saa tano asubuhi. Kuna wanaoiona wakasema saa kumi na moja, na hapo safari imekufa kabla ya kuanza.

Pili, saa ya jioni iliyoandikwa kwenye tiketi, tuseme 17:00 (saa kumi na moja jioni), ni saa ya meli kung'oa nanga. Lango la abiria hufungwa kabla ya hapo, kwa kawaida dakika 60 hadi 90, na kampuni nyingine hufunga mapema zaidi. Kwa bandari za Marekani hata serikali imo: orodha ya mwisho ya abiria inatakiwa kuifikia dakika 60 kabla ya kuondoka. Orodha ikishaenda hupandi, hata kama meli unaiona imetulia pale mbele yako.

Majengo, Moshi
Nakazia kwa Njiro: muda wa kufika unachaguliwa wakati wa kujisajili mtandaoni, na nafasi ya asubuhi huisha haraka. Lakini msiigombanie bila sababu. Meli huingia alfajiri na abiria wa safari iliyopita. Hao washuke, vyumba vifagiwe, mashuka yabadilishwe, ndipo zamu yenu. Vyumba vingi hufunguliwa kati ya saa saba na saa nane mchana. Aliyepanda saa tano atazunguka na begi lake mpaka muda huo, na kwenye chakula cha mchana atakuta watu wote wako hukohuko.

Kwa mzee wa miaka 70, mimi ningechagua saa saba mchana. Foleni ya asubuhi imepungua, chumba kinakaribia kuwa tayari, na bado kuna akiba ya saa mbili na zaidi kabla ya lango kufungwa. Kama magoti yanasumbua, kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kukata tiketi, si pale getini.

Sakina, Arusha
Hapo kwenye saa saba tunatofautiana kidogo, mkuu. Anayetaka kupanga meza ya chakula cha jioni au kubadilisha chumba awahi, kwa sababu nafasi hizo huisha mchana uleule.

Kuhusu mizigo: chapisha lebo nyumbani, zibane kwa stepla kwenye mshikio wa begi. Begi kubwa unawaachia wapagazi mlangoni (hawa si "wagumu", yaani wabeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro, wao wana mikokoteni). Linapita kwenye mashine ya ukaguzi na kuletwa mlangoni kwa chumba chako, mara nyingine jioni kabisa. Kwa hiyo pasipoti, dawa za presha na sukari, miwani, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi. Pasi ya nguo na birika la umeme acheni nyumbani. Vitazuiliwa kwa hofu ya moto, na begi zima litabaki ukaguzini mpaka mwenyewe uitwe.

Shanty Town, Moshi
Mafunzo ya usalama msiyakwepe. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na kulikuwa na abiria waliopanda bandari ya Civitavecchia jioni ileile ambao hawakuwa wamefundishwa lolote. Tangu 2015 kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafundishwe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Meli nyingi siku hizi zinakutaka uangalie video, kisha uende kwenye kituo chako cha kukusanyikia ukaandikishwe. Ukipanda dakika za mwisho, hayo yote yanakubana kwa pamoja.

Njiro, Arusha
Naongeza viza, maana hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Meli ikitoka Barcelona ikapitia Tunisia kisha ikarudi Italia, umetoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, na meza ya nyaraka bandarini itakurudisha hata ukifika alfajiri.

Usa River
Na ndege je? Kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kwa kuunganisha Addis Ababa au Amsterdam, msikate ya kutua siku ileile ya meli. Tueni jana yake, mlale huko. Tena angalieni bandari ilipo: tangazo linasema "Roma", meli iko Civitavecchia, kilomita 70 hivi kutoka mjini. Treni inatoka Termini, stesheni kuu ya Roma, ya kawaida inachukua zaidi ya saa moja, na kutoka stesheni bado kuna safari hadi Largo della Pace, ambako mabasi ya bandari yanawapeleka abiria kwenye meli. Wekeni muda wa saa tatu nzima tangu mlango wa hoteli.